Mkono Uanze, Wazo Litafuata

Mabibi na mabwana, wazee wangu, ndugu zangu nyote, nawasalimu kwa heshima.

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja achukue karatasi ya juu kati ya mbili alizozikuta kwenye kiti chake. Ni karatasi nyeupe ya kawaida, haina mistari. Ikunje mara moja. Usiniulize ikunjwe wapi, wala usichungulie ya jirani. Ikunje, kisha kaa nayo hivyo hivyo mkononi. Tutaijia baadaye.

Nimeona. Wengi mmekunja katikati, ncha kwa ncha, mkapitisha ukucha juu ya mkunjo ili utulie. Wachache mmekunja pembe. Na kule nyuma kuna dada bado ameishika nzima, anaigeuza huku na huku. Dada yangu, usione haya, kwa kuwa leo nataka kuzungumza na wewe kuliko na mtu mwingine yeyote humu. Najua unachokingoja. Unangoja wazo. Unataka kwanza ujue unatengeneza nini, ndipo ukunje. Nami niliishi hivyo miaka mingi: nilikuwa na daftari limejaa mipango ya vitu ambavyo sikuwahi kuvitengeneza, nikiamini kwamba ubunifu ni kitu kinachomshukia mtu kichwani, na kwamba mikono ni watumishi wa kutekeleza tu.

Nimekuja kuwaambia kwamba mambo hayaendi hivyo. Mkono ndio unaoanza. Wazo hulikuta njiani.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi tunaoisema. Mtu akipitisha uzi kwenye shanga, moja baada ya nyingine, tunasema anatunga shanga. Mtu akipanga maneno mpaka yakawa shairi, tunasema anatunga shairi. Kitenzi ni hicho hicho. Hatukumtengea mshairi neno la heshima na mtunga shanga neno la chini. Wote wawili wana uzi, wote wana vipande vidogo vinavyongoja zamu, na mara nyingi wote hujua kipi kifuate pale tu kinapofika mkononi. Hata neno sanaa, ambalo siku hizi tunalivalisha suti na kulipeleka kwenye majumba ya maonyesho, tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kutengeneza, ni ufundi. Aliyetenga fundi huku na msanii kule alikuja baadaye.

Na kutunga shanga ni kazi ya kale mno. Katika pango la Blombos, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta magamba ya konokono wadogo wa majini yaliyotobolewa. Umri wake ni miaka ipatayo 75,000. Kingo za matundu yake zimelika kwa kuguswa na uzi, maana yake yalitungwa, yakavaliwa. Kabla ya kilimo, kabla ya gurudumu, kabla ya maandishi, mtu aliketi mahali na gamba dogo kuliko ukucha, akajaribu kulitoboa bila kulivunja. Mimi huwaza juu ya yale yaliyovunjika. Ni lazima yalikuwapo. Gamba lina mahali linapokubali kutobolewa na mahali linapokataa, na hakuna namna ya kujua isipokuwa kwa kulishika.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu: kitu unachokifanyia kazi kitakukatalia, na ubunifu huanzia pale kinapokukatalia.

Niwaeleze nilivyofundishwa na kikombe. Nilianza kufinyanga nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kazi ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Kama kawaida yangu, nilikuwa na mchoro. Niliuchora kwa siku tatu: kikombe chembamba, mkono wake umejipinda kama shingo ya bata bukini. Nikafinyanga mwili wa kikombe, nikauacha ukauke kidogo. Kesho yake nikasokota mkono kwa udongo mbichi, nikaubandika. Ulipendeza sana. Siku mbili baadaye ulikuwa umeachana na kikombe, ufa juu na ufa chini, umenyooka kana kwamba umepitishwa kisu. Nikarudia. Ufa. Nikarudia mara ya tatu, na huo ukawa ufa wa tatu.

Mwalimu wangu hakunipa maelezo. Alikishika kidole changu, akakigusisha kwenye mwili wa kikombe, kisha kwenye mkono niliotoka kuusokota. Huku palikuwa pakavu, pagumu kidogo kama ngozi ya kiatu. Kule palikuwa panateleza. Nikaelewa. Udongo husinyaa kadiri unavyokauka. Mwili wa kikombe ulikuwa umekwisha kusinyaa nusu ya safari yake, na mkono ulikuwa haujaanza safari. Havingeweza kufika pamoja. Ule mbichi ungeendelea kujivuta, na kwa kuwa ulikuwa umefungwa kwenye kitu kisichojivuta tena, ungechanika. Dawa ni kuvipa vyote viwili unyevu mmoja, kuvitia chale pale vinapokutana, kupaka ujiuji wa udongo huo huo, kubana, kisha kufunika kwa nailoni vikauke polepole, kwa mwendo mmoja. Wazee walisema udongo uuwahi ungali maji. Maisha yangu yote nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama habari ya kulea watoto. Siku ile niliisikia kwa mara ya kwanza kama habari ya udongo.

Lakini sikukileta kisa hiki kwa ajili ya ufa. Nimekileta kwa ajili ya kikombe cha nne. Siku hiyo muda ulikuwa unakwisha, mkono nisingeuwahi, basi nikakibonyeza kikombe ubavuni kwa dole gumba udongo ungali laini, nikakiacha. Kilipotoka kwenye tanuri, kibonyeo kile kilikuwa kimekaa mahali hasa ambapo dole gumba hutua mtu anaposhika kikombe. Kila niliyempa akishike, kidole chake kiliingia pale chenyewe, kisha akatabasamu bila kujua kwa nini. Ninatengeneza vikombe vya namna hiyo mpaka leo. Wazo lile halikuwamo kwenye mchoro wangu wa siku tatu, wala lisingeweza kuwamo. Nusu yake ilikuwa kwenye udongo, nusu kwenye dole gumba, na lilikuwa linangoja vikutane.

Kama mnahisi nayatia chumvi, basi iulizeni karatasi. Chukueni ile ya pili. Ichaneni ukanda mwembamba kwa kufuata urefu wake, kutoka juu kwenda chini. Haya. Sasa igeuzeni, mchane ukanda mwingine kwa kufuata upana.

Mnasikia tofauti? Upande mmoja mpasuko umeshuka karibu umenyooka. Upande mwingine umekwenda mrama, umekata kona, umewaachia ukingo wenye manyoya. Hamkukosea ninyi. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwa uji wa nyuzi za mti unaomwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kuelekea kule wavu unakokwenda. Kwa hiyo karibu kila karatasi mliyowahi kuishika ina mwelekeo wake wa ndani. Ukiikunja kwa kuufuata, mkunjo unakuwa safi. Ukiukata, mkunjo unavunjika vunjika, hasa kwa karatasi nene. Wafunga vitabu huuangalia mwelekeo huo kwanza, kwa sababu kitabu ambacho nyuzi zake hazifuati mgongo wake kitapinda kurasa na kukataa kufunguka vizuri. Mmekuwa na karatasi mikononi tangu utotoni, shuleni, ofisini, na pengine hii ndiyo mara ya kwanza kuisikiliza. Kuna ulimwengu mzima wa namna hiyo ndani ya kila kitu kilichomo majumbani mwenu: kwenye kitambaa, kwenye kamba, kwenye ubao, kwenye waya.

Sasa nimtaje mwanamke mmoja ambaye kukataliwa kwake kulizaa matunda. Anni Albers aliingia chuo cha sanaa na ufundi cha Bauhaus, mjini Weimar huko Ujerumani, mwaka 1922. Alitamani kufanya kazi ya vioo. Chuo kile, pamoja na sifa zake zote za kufungua milango mipya, kiliwasukuma wanawake kwenye karakana ya kufuma, naye akaingia huko shingo upande. Aliuona ufumaji kuwa kazi laini mno. Lakini kitanda cha mfumi kina amri zake: nyuzi za mtande zimesimama zimevutwa, nyuzi za mshindio zinapita kati yake, juu na chini, na hakuna jingine. Ndani ya amri hizo mbili akaanza kuuliza uzi unaweza kufanya nini ambacho haujawahi kuombwa. Kwa kazi yake ya kuhitimu alifuma kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa shule moja huko Bernau. Alichanganya pamba na selofeni, ile karatasi angavu inayong'aa ya kufungia zawadi. Upande wa mbele ulirudisha mwanga ukumbini, upande wa nyuma ulimeza mwangwi. Mwaka 1949 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilifungua maonyesho ya kazi zake peke yake, na kabla yake hakuna mfumaji aliyekuwa amepewa nafasi hiyo pale.

Hata hivyo, kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ndogo zaidi. Baada ya kuhamia Marekani alisafiri Mexico, akaona mapambo ya kale yaliyochimbuliwa Monte Albán, akavutiwa na jinsi mafundi wale walivyochanganya vitu vya thamani na visivyo vya thamani bila kubagua. Aliporudi, yeye na mwanafunzi aliyeitwa Alex Reed walitengeneza mikufu kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi na vya mezani: vibanio vya karatasi, pini za nywele, washa (vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya nati) zilizopitishwa utepe. Mkufu mmoja una kichujio cha sinki kifuani, chenye matundu yake, na kutoka matunduni vinaning'inia vibanio vya karatasi kama vishada. Nilipouona kwenye picha sikukitambua kichujio. Niliona kidani. Ilinichukua muda kuona kwamba ni kitu ninachokiosha kila jioni.

Tunasema mchagua jembe si mkulima. Wengi huichukua methali hii kama karipio kwa wavivu. Kwangu mimi ni elimu nzima ya ubunifu. Anayesema ataanza kushona atakaponunua cherehani nzuri, ataanza kuchora atakapopata rangi za kitaalamu, hajazuiwa na uhaba. Anazuiwa na wingi: vitu vyote duniani bado vinawezekana kichwani mwake, na palipo na yote hakuna pa kuanzia. Mpe vibanio ishirini vya karatasi, umnyime kila kingine, na baada ya robo saa utaona vidole vyake vinauliza maswali. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941, hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu na kitandani, akapewa karatasi zilizopakwa rangi na wasaidizi wake, akashika mkasi. Baadhi ya kazi zake zilizo hai kuliko zote zilitoka kwenye mkasi huo. Msanii El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe vilivyotupwa. Leo vifuniko hivyo, vilivyopondwa, vikakunjwa na kushonwa pamoja kwa waya wa shaba kwa maelfu, vinaning'inia kwenye kuta za majumba makubwa ya sanaa kama mashuka ya dhahabu. Sikuwataja watu hawa ili mjilinganishe nao. Nimewataja kwa sababu vitu walivyovishika ninyi pia mnavyo.

Sasa nije kwenye makosa, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Kuna aina ya uso ambao wanahisabati wanauita hipaboliki. Chukulia tandiko la farasi: mbele na nyuma limejipinda kwenda juu, kushoto na kulia limejipinda kwenda chini. Sasa fikiria uso ambao kila mahali pake ni tandiko. Wanahisabati waliufahamu tangu karne ya 19, waliuandikia milinganyo, lakini kuushika mkononi ilikuwa taabu. Mifano ya karatasi iliyogundishwa ilikuwa dhaifu na ilichanika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, alichukua uzi na sindano ya kroshia, ile yenye ncha ya kulabu. Kanuni yake ni nyepesi hivi: fuma vishono kadhaa, ongeza kimoja, rudia, na uwiano usibadilike mpaka mwisho. Safu zinaongezeka haraka kuliko nafasi ya kulala. Kitambaa kinaanza kujikunja pembeni, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka kinafanana na matumbawe ya baharini. Wanafunzi waliokuwa wakihangaika na milinganyo wakaweza kukishika, kukikunja, kukifuata kwa kidole.

Kila aliyewahi kufuma kitambaa cha duara cha mezani akazidisha vishono anakijua kitu hicho. Unafika nje, pindo linakataa kulala bapa, linajiviringa. Na nini tunafanya? Tunafumua, huku tumeudhika. Kosa la mfumaji lilikuwa umbo ambalo mwanahisabati alikuwa akilitafuta.

Wahenga walituambia kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Barabarani naifuata methali hiyo, na kazini, na katika mambo ya nyumba yangu. Ila mezani pa kazi ya mikono naiomba ikae kando kidogo. Ukiruka kishono kimoja katika sweta, ni kosa. Ukikiruka tena baada ya vishono kumi, na tena baada ya kumi vingine, na tena, hilo si kosa tena, ni nakshi. Hakuna aliyebadilisha kishono. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili ulikusudia. Matundu yote mnayoyasifu kwenye vitambaa vya kufuma ni nafasi zilizoachwa kwa mpango. Kwa hiyo nawasihi: mkiona kitu kimekwenda upande, msikimbilie kufumua wala kukunja karatasi na kuitupa. Jiulizeni kwanza kingekuwaje kama kingefanyika tena, kwa makusudi, mara tano.

Kuna mifarishi ya viraka iliyoshonwa na wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa pande tatu na mto Alabama, kusini mwa Marekani. Mingi waliishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi, mashati ya shambani, kwa sababu ilihitajika ya kujifunika na kitambaa kipya hakikuwapo. Kwenye baadhi yake utaona mraba wa buluu iliyokoza katikati ya buluu iliyopauka. Pale palikuwa na mfuko. Mfuko ulipotolewa, kitambaa cha chini yake kilikuwa hakijawahi kuonja jua. Pengine utaona duara lililofifia: pale palikuwa na goti. Mshonaji angeweza kuvikata vipande hivyo na kuchagua vilivyo sawa. Hakuvikata. Alivipanga, mfuko huu hapa, goti lile pale, mpaka alama za kazi ngumu zikawa mpangilio wa rangi. Mwaka 2002 jumba la sanaa la Houston liliitundika mifarishi hiyo ukutani na watu wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya michoro mikubwa. Nafurahi ilitundikwa. Ila ilikuwa imeshatungwa kabla ya hapo, na ilikuwa mizuri kabla ya hapo, ikiwa imetandikwa kitandani.

Najua humu ndani kuna sentensi moja inayozunguka vichwani: mimi sina kipaji. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naitambua hata kwenye mabega ya mtu. Mara nyingi ilianza utotoni, siku ambayo mtu mkubwa alitazama mchoro wa mtoto akauliza, "Hii nini sasa?" Mtoto akajifunza kwamba kitu lazima kifanane na kitu kingine ndipo kihesabiwe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko Philadelphia, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Watu wazima 39 walipewa dakika 45 na udongo, kalamu za rangi na karatasi za kubandika, wakaambiwa watengeneze wapendacho. Mate yao yalipimwa kabla na baada, kuangalia kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa na msongo. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka. Ni jaribio dogo, wala halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo sitalibebesha mzigo mkubwa. Kinachonigusa ni jambo moja ndani yake: wenye uzoefu na wasio nao hawakutofautiana. Mwili wa asiyejua kuchora haukungoja ajue ndipo utulie.

Na kuiga? Igeni bila hofu. Kila fundi nimjuaye alianza kwa kunakili kazi ya mwingine, kishono kwa kishono. Aibu ni kuuza kazi ya mtu kama yako. Kujifunza kwayo hakuna aibu. Mkishamaliza kunakili, fanyeni tena kitu kile kile, ila mbadilishe jambo moja tu. Uzi uwe mnene zaidi, mengine yote yabaki. Au sindano kubwa kwa uzi ule ule: mtaona kitambaa kilichokuwa kizito na kigumu kimekuwa chepesi, kinapitisha mwanga, kinaanguka begani kwa namna nyingine. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lipi lilileta nini. Ukibadilisha moja, mkono utalikumbuka. Baada ya mara sita au saba za kubadilisha moja moja, kile ulichonacho hakifanani tena na ulichokinakili, na hakuna siku ambayo uliketi ukisubiri kuwa mbunifu.

Wekeni pia vilivyoshindikana. Mimi nina boksi chini ya meza. Vimo vikombe vitatu bila mikono. Kila ninapokwama ninalivuta, na si mara moja ufa wa zamani umenipa mstari wa chombo kipya.

Ninaona mnatazama saa, basi tuirudie karatasi ya kwanza, ile mliyoikunja.

Mume wa Anni, Josef Albers, alikuwa mwalimu katika chuo kile kile cha Bauhaus. Mmoja wa wanafunzi wake alisimulia baadaye kwamba siku moja mwalimu aliingia darasani na bunda la magazeti, akamgawia kila mmoja, akawaambia watengeneze kitu kinachoiheshimu karatasi, na kama inawezekana wasitumie mkasi wala gundi. Kisha akatoka. Aliporudi alikuta mashua, majumba, ndege, wanyama. Akasema kwamba vitu hivyo vingefaa zaidi kutengenezwa kwa malighafi nyingine. Kisha akainua kazi ambayo ilionekana kana kwamba haikufanywa: gazeti lililokunjwa mara moja tu kwa urefu na kusimamishwa wima. Karatasi iliyokuwa imelala, laini, isiyo na nguvu, ilikuwa imesimama yenyewe kwa sababu ya mkunjo mmoja, na sasa ilionekana pande zake zote.

Sasa dada yangu wa kule nyuma, najua karatasi yako bado ni nzima, nami nafurahi uliihifadhi. Ikunje. Popote. Ninyi wengine fungueni mikunjo yenu kidogo, kama mlango ulioachwa wazi nusu, mziweke karatasi zenu juu ya meza zisimame. Zinazoanguka, angalieni zinaangukia upande gani. Ongezeni mkunjo wa pili upande huo, mjaribu tena. Msinitazame mimi, zitazameni karatasi. Tuna dakika ishirini kabla ya kufunga ukumbi. Uzi uko kwenye kapu karibu na mlango, na vibanio vya karatasi viko kwenye sahani hii hapa mbele. Mkasi ninao mfukoni, lakini naomba mngoje kidogo kabla ya kuniuliza.